Dharau ya mahakama: Faini shilingi 500, kifungo miezi sita

KOSA la kudharau mahakama linapotajwa, wengi hufikiria mshitakiwa aliyemtolea hakimu maneno machafu, au simu iliyoita katikati ya ushahidi. Lakini mkoani Tanga, ambako migogoro ya ardhi, hasa ya mashamba ya mkonge, ni ya miaka mingi, sehemu ya sheria hiyo inayostahili kuogopwa zaidi ni nyingine kabisa.

Kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni dharau kuirejea isivyo halali ardhi ambayo mtu mwingine amekabidhiwa karibuni kwa hati ya mahakama. Kwa hiyo mwanakijiji wa Muheza au Korogwe aliyeondolewa na dalali wa mahakama Jumatatu, akarudi Jumatano kuvuna mahindi yake, ametoka katika madai na kuingia katika jinai, hata kama ana hakika kwamba hukumu ilikosewa. Rufaa peke yake haimwokoi; ni lazima aombe pia utekelezaji usimamishwe.

Kifungu hicho kinamgusa vilevile shahidi anayekataa kuapa, mwajiri anayemfukuza mfanyakazi kwa sababu ya ushahidi alioutoa na, tusijisahau, mwandishi anayepotosha shauri linaloendelea.

Adhabu, kwa mujibu wa toleo la sheria la mwaka 2002, ni kifungo cha miezi sita au faini isiyozidi shilingi 500. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1930. Leo shilingi 500 ni sarafu moja, haimfikishi mtu Muheza kutoka Tanga mjini. Hakimu anayetaka adhabu yenye uzito hubakiwa na jela tu, na hilo si jambo jema. Dharau ikitendwa mbele yake, anaweza kumaliza shauri siku hiyohiyo, kwa adhabu ndogo zaidi. Hata hapo mtuhumiwa anapaswa kuelezwa kosa lake na kusikilizwa, maana hakimu huyo ni shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja.

Kwenye madai meno ni makali zaidi. Anayevunja zuio la muda, tuseme mwekezaji anayeendelea kulima eneo lenye mgogoro, anaweza kukamatiwa mali na kuwekwa gerezani kama mfungwa wa madai kwa muda usiozidi miezi sita. Tatizo ni kuwafikia wakubwa.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, nchini Kenya, hilo lilijaribiwa Septemba 13, 2024. Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi sita kwa kupuuza wito wa mara kwa mara wa kufika kueleza waliko watu watatu waliotoweka Kitengela. Adhabu ilisitishwa kwa siku saba ili ajisalimishe au afike mahakamani. Alifika, akaomba radhi, na Septemba 20 ikaondolewa.

Mwanakijiji naye anaweza kuomba radhi, ila kwanza awe ameshatoka shambani.