Kwanza Tuulize: Anayetuuzia Ni Nani?

Katika kununua vitu kwa fedha za watu wengi, swali linalotangulia siku zote ni la bei. Kamati huketi, bahasha hufunguliwa, tarakimu hulinganishwa, na kazi hupewa aliye rahisi, au aliye na rafiki. Sisi twaona kwamba liko swali linalopasa kuulizwa hata kabla bahasha hazijafunguliwa, nalo ni hili: huyu anayetaka kutuuzia ni nani, na je, yupo kweli?

Wako watakaocheka. Mtu ameleta barua yenye nembo ya rangi mbili, mhuri, namba ya simu na nakala ya cheti cha usajili, yawezekanaje asiwepo? Basi na tuwakumbushe ndugu hao yaliyowapata jirani zetu wa Kenya, maana fedha zilizochezewa huko zilikuwa za wakulima na wafanyakazi kama sisi.

Serikali ya Kenya ilitaka mitambo mipya ya kutengeneza pasi za kusafiria zisizoweza kughushiwa kwa urahisi. Kampuni moja ya Ufaransa ilikuwa imetaja bei ya yuro milioni 6 hivi. Lakini mwishoni mwa 2003 mkataba ulitiwa sahihi na kampuni nyingine, iitwayo Anglo Leasing and Finance, kwa bei ya yuro milioni 30 hivi, na kazi yenyewe ilikuwa ifanywe na Wafaransa wale wale! Aprili 2004 mbunge mmoja, Bw. Maoka Maore, aliweka hati za shauri hili mezani Bungeni, ndipo watu wakaanza kuuliza lile swali ambalo lingeulizwa mwanzo.

Anuani ya kampuni hiyo iliandikwa kuwa iko katika mji wa Liverpool, Uingereza. Sasa, Uingereza ni nchi yenye daftari la makampuni tangu sheria ya 1844, na daftari hilo si siri ya mtu. Hata miaka ile, kulitafuta jina humo hakukuhitaji safari wala ruhusa ya mkubwa yeyote. Jina la Anglo Leasing and Finance lilipotafutwa, halikuonekana.

Na tena yapo ya kustaajabisha zaidi. Fedha za kutangulizwa, zaidi ya yuro 950,000, zilikuwa zimekwisha kulipwa, na Mei 2004, makelele yalipozidi, zikarudishwa. Msomaji na alitafakari jambo hili. Kampuni isiyoonekana katika daftari ilikuwa na akaunti ya benki, ilijua kupokea, na ilipotishika ilijua kurudisha. Waliosimama nyuma ya jina lile walikuwa watu wenye damu na nyama, ila hawakutaka kujulikana, na njia nyepesi ya kutojulikana ilikuwa kutegemea kwamba hakuna karani atakayeuliza.

Bw. John Githongo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa utawala bora, alilichunguza shauri hilo, akajiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza. Mwaka 2006 Mkaguzi Mkuu wa Kenya alitoa taarifa kuhusu mikataba 18 ya namna hiyo ya mambo ya usalama, na mwaka huo huo Waziri wa Fedha alijiuzulu. Lakini deni halikujiuzulu. Mwaka 2014, miaka kumi baadaye, Kenya ilipotaka kukopa katika masoko ya ng'ambo, ilibidi kwanza ilipe shilingi za Kenya bilioni 1.4 hivi kwa kampuni mbili zilizokuwa na mikataba katika kundi hilo, kwa sababu zilikuwa zimeishinda Serikali katika mahakama za nje. Sahihi ikishatiwa, hakimu wa ng'ambo hatakuuliza kama ulikuwa umepumbazwa.

Tumelieleza shauri hili kwa urefu kwa kuwa twajua kuna wanaodhani kwamba mambo haya ni ya mawaziri na mabilioni, hayamhusu katibu wa chama cha ushirika anayenunua mbolea, wala kamati ya chama cha akiba na mikopo inayonunua kompyuta, wala mwalimu mkuu anayetafuta mtu wa kutengeneza madawati. Yanawahusu sana. Serikali ikipoteza fedha yaweza kutoza kodi tena. Ushirika ukilipia mbolea isiyofika, msimu umekwisha, na hakuna wa kumtoza.

Kwa hiyo twasema wazi: nakala ya cheti inayoletwa na muuzaji mwenyewe haithibitishi kitu. Karatasi hiyo imetoka mkononi mwa mtu yule yule ambaye twataka kumjua. Uthibitisho uko kwa Msajili. Katika Tanzania Bara Msajili huyo yuko katika Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA, ambayo tangu 2018 hufanya usajili kwa njia ya mtandao. Mtu aweza kutafuta jina, na kwa kulipa ada aweza kupata taarifa rasmi ya kampuni. Visiwani iko wakala nyingine, ya Usajili wa Biashara na Mali, yenye daftari lake. Mtu wa Dar es Salaam akilikosa jina la kampuni ya Unguja katika daftari la Bara asiharakishe kumwita mwenziwe tapeli; labda amebisha mlango usio wake. Kenya nao wana hati wanayoiita CR12, itokayo kwa Msajili, yenye majina ya wakurugenzi na wenye hisa, na mnunuzi mwangalifu wa huko huiomba kabla ya kuagiza mali.

Humo daftarini yapasa kutazamwa nini? Kwanza jina, herufi kwa herufi. Wajanja hupenda kuazima heshima ya kampuni kubwa kwa kuongeza neno moja mwishoni, na kama jina la kwenye ankara, jina la kwenye akaunti ya benki na jina la kwenye daftari si moja, basi fedha isitoke mpaka tofauti hiyo imeelezwa kwa maandishi. Yapasa pia kujua kama tunashughulika na kampuni au na jina la biashara tu, maana watu wengi huvichanganya. Kampuni ni nafsi mbele ya sheria, yaweza kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Jina la biashara ni vazi tu. Aliyelivaa ndiye mwenye deni, na kama hujui ni nani aliyelivaa utamshitaki nani? Tena kampuni ya kigeni iliyofungua ofisi nchini nayo hutakiwa kujiandikisha kwa Msajili wetu, hata kama kwao ni kubwa kama mlima.

Halafu tarehe. Hapa twaomba subira ya msomaji, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa kwa kampuni yaweza kusema mengi kuliko barua kumi za sifa. Wakati wa maradhi ya korona, mwaka 2020, serikali nyingi zilinunua mavazi ya waganga kwa pupa. Uingereza, kampuni iitwayo PPE Medpro iliandikishwa tarehe 12 Mei 2020, na kabla ya mwezi Juni kwisha ilikuwa na mikataba miwili ya serikali yenye thamani ya zaidi ya pauni milioni 200. Tarehe ile ilikuwa daftarini, wazi kwa kila mwenye macho. Oktoba 2025 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba kampuni irudishe pauni milioni 122 hivi kwa ajili ya magauni ya waganga ambayo hayakuthibitishwa kuwa safi bila vijidudu, na wakati hukumu ikisomwa kampuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wasimamizi wa mali za wasioweza kulipa madeni. Kenya nayo, katika mwaka ule ule wa 2020, Wakala wa Dawa wa Serikali, KEMSA, ulitoa barua ya kazi ya shilingi bilioni 4 kwa kampuni iliyoandikishwa Januari ya mwaka huo. Barua hiyo ilifutwa baadaye.

Hatusemi kwamba kila kampuni changa ni mbaya. Vijana wetu wanaoanza biashara wangenyimwa kazi zote kama tungeshika kanuni hiyo. Twasema kwamba mwenye umri wa miezi minne asipewe malipo ya kutangulia ya mamilioni, bali apewe kazi ndogo, alete mali, ikaguliwe, ndipo alipwe. Tarehe haimhukumu mtu. Yatufundisha tumfungulie mlango kiasi gani.

Wala hatutaki wasomaji waliabudu daftari. Msajili huandika alichoambiwa. Mwaka 2013 mtu mmoja Uingereza aliandikisha kampuni na kumtia Bw. Vince Cable, ambaye wakati huo ndiye Waziri wa Biashara, kuwa mkurugenzi wake bila mwenyewe kujua. Alifanya hivyo ili kuonyesha jinsi daftari linavyodanganyika, na mwaka 2018 mtu huyo huyo ndiye aliyetiwa hatiani na kutozwa faini! Ni tangu Machi 2024 tu ambapo Msajili wa huko ana nguvu za kukataa habari zenye shaka, na tangu Novemba 2025 wakurugenzi wameanza kulazimika kuthibitisha kuwa wao ni nani.

Tena daftari halina habari ya uwezo. Hapa kwetu, katika ukame wa 2006, shirika la umeme liliingia mkataba na kampuni ya Richmond ilete mitambo ya megawati 100, na umeme haukuja kwa wakati. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza Februari 2008 kwamba kampuni hiyo haikuwa na uzoefu, utaalamu wala fedha za kuifanya kazi ile. Waziri Mkuu, Bw. Edward Lowassa, akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Maswali kama hayo, ya mitambo iko wapi na kazi gani imefanywa kabla, hayajibiwi na Msajili. Hujibiwa na mtu aliyefunga safari kwenda kuitazama karakana, na na wateja wa zamani wakiulizwa bila muuzaji kuwapo.

Na liko jambo moja ambalo daftari letu bado halimwonyeshi mnunuzi. Kwa Sheria ya Fedha ya 2020 makampuni yalitakiwa kumwarifu Msajili kuhusu mmiliki wa kweli, yaani yule ambaye faida humfikia mwishoni hata kama hisa zimeandikwa kwa jina la shemeji au la wakili. Sheria hiyo ni njema. Lakini habari hizo zimewekewa mamlaka za Serikali. Katibu wa ushirika hawezi kuzisoma kama asomavyo majina ya wakurugenzi. Twajua hoja ya upande wa pili: kwamba mtu ana haki ya kutotangazwa mali yake, na Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliikubali hoja hiyo Novemba 2022. Mwenye duka lake, auzaye kwa fedha ya mtu binafsi, na ahifadhiwe siri yake. Lakini anayeomba kulipwa na halmashauri, na hospitali ya wilaya au na shirika la umma, huyo ameomba mwenyewe kuingia katika nyumba ya watu wengi, nasi twamwomba Waziri anayehusika aruhusu jina la mmiliki wake wa kweli lisomwe na kila mlipa kodi kabla ya mkataba kutiwa sahihi.