Msimlaumu Bryce Young, laumuni waliomlea

Kuna wanaosema Carolina Panthers, timu ile ile iliyomchagua Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 1996, ilikosea kumchukua Bryce Young. Mimi nakataa. Kosa lilikuja kisha kumchagua.

Katika drafti ya futiboli ya Marekani, timu dhaifu ndizo hutangulia kuchagua vijana wa vyuo vikuu. Mwaka 2023 Panthers walikuwa na nafasi ya 9. Ili wapate ya 1, waliwapa Chicago Bears nafasi 4 za kuchagua, pamoja na D.J. Moore, mdakaji wao hodari. Yaani unamleta kijana wa kurusha mpira, na wa kuudaka umekwisha kumtoa!

Young akapewa timu tangu mechi ya kwanza. Mwezi wa 11 kocha Frank Reich akafukuzwa. Msimu ukaisha: ushindi 2, kushindwa 15. Mwaka 2024 kocha mpya akamweka benchi kisha mechi 2 tu.

Tazameni wengine. Patrick Mahomes, wa 10 mwaka 2017, alikaa karibu msimu mzima akijifunza nyuma ya Alex Smith. Jordan Love alingoja miaka 3 nyuma ya Aaron Rodgers.

Mtaniambia C.J. Stroud, wa 2 mwaka 2023, aling'aa kule Houston bila kungoja. Ndiyo, lakini kocha aliyempokea, DeMeco Ryans, alibaki naye.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Timu isiyo na subira, hata ipewe nafasi ya 1 kila mwaka, itaendelea kulia.