Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu twautumia kila siku, na aghalabu hatujiulizi kama mwenyeji amepona kweli. Mimi ulinirudia moyoni nilipouzuru Lynton, mji mdogo wa kaskazini mwa Devon, Uingereza.

Mji huo umekaa juu ya jabali. Nyuma yake ni nyika ya Exmoor, nchi ya vilima vitupu, baridi na ukungu, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1954. Mbele yake ni bahari. Na chini ya jabali, pale mto ukutanapo na maji ya chumvi, ipo Lynmouth yenye bandari ndogo. Miji hii miwili huunganishwa na reli iliyofunguliwa mwaka 1890, nayo haiendeshwi kwa makaa wala umeme. Mabehewa mawili yamefungwa kwa kamba za chuma: la juu hutiwa maji, la chini humwaga yake, na uzito ndio uvutao.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kuwa utulivu wa hapo umepatikana bure. Usiku wa tarehe 15 Agosti 1952, mvua iliyonyesha nyikani iliteremka na mito, ikabomoa majumba na madaraja, na watu 34 wakafa. Waliosalia waliujenga mji upya, na mto ukapanuliwa njia yake.

Gharika ya pili ni ya kimya, nayo ni sisi wageni. Watu wa miji mikubwa wapendao utulivu hununua nyumba za kupumzikia siku chache, kisha huzifunga. Bei hupanda hata kijana aliyezaliwa hapo akakosa pa kuanzia maisha. Mwaka 2013 wenyeji walipata mpango wao wa ujenzi, wenye sharti kuwa nyumba mpya za kuuzwa katika soko ziwe makazi ya kudumu, si za likizo. Nyumba za zamani sharti hilo haliziguswi. Hata hivyo, ni ukuta uliojengwa kabla maji hayajafika shingoni.

Waama, nilipoyasikia hayo niliikumbuka Lamu. Mji wetu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tukafurahi. Wageni wamenunua majumba ya mawe, hapo na Shela, na haki isemwe: baadhi yao wameyaokoa yasianguke. Lakini mtaa si kuta na milango ya nakshi. Mtaa ni jirani wa kuazimana chumvi, ni watoto waendao chuoni asubuhi, ni safu inayojaa msikitini alfajiri. Kufuli haliitikii hodi.

Sisemi tumfukuze mgeni. Riziki nyingi hupitia mkononi mwake. Nasema wazee wa mitaa na serikali ya kaunti wakae pamoja waweke sharti letu wenyewe, na kila ukoo ujiulize mara mbili kabla ya kuuza nyumba ya mababu. La sivyo, iko siku wajukuu wetu watakuja Lamu kama nilivyokwenda mimi Lynton: kutembea, kusifu, na kurudi walikotoka.