"Nakubali" Si Neno la Mchezo

Vijana wenzetu, semeni ukweli: ni mara ngapi umebonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja?

Mnakumbuka Worldcoin mwaka 2023? Watu walipiga foleni KICC Nairobi, macho yakapigwa picha, na malipo yake sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza data ile ifutwe. Watu walikubali, ndio, lakini ridhaa iliyovutwa kwa pesa haikusimama mahakamani.

Sasa tujiangalie sisi. Kila wiki kuna fomu mtaani: ya basari, ya mpira, ya chakula cha msaada. Jina, simu, namba ya kitambulisho. Halafu karatasi yazagaa mezani na kila anayepita anasoma ya mwenzake. Na kitambulisho kwa watu wetu si kitu kidogo. Kuna walioketishwa mbele ya kamati za kuwahoji, nenda rudi miaka, ndio wakakipata. Leo wewe unakiandikisha kama orodha ya sokoni?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haibagui kampuni kubwa na kikundi cha mtaa. Ukitengeneza fomu, hakikisha:

1. Yasema nani anakusanya, kwa kazi gani, na nani mwingine ataiona.
2. Yauliza kinachohitajika tu. Mechi ya mpira haihitaji namba ya kitambulisho cha mama.
3. Mtu anatia tiki mwenyewe. Usimtilie.
4. Mtoto chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayekubali.
5. Yaeleza mtu atajiondoa vipi akibadili nia. Hiyo ni haki yake.
6. Iko kwa Kiswahili ambacho hata nyanya anakielewa.

Na muweke sahihi zile vizuri. Siku ya kuulizwa, ni nyinyi mtakaotakiwa kuonyesha kwamba mtu alikubali, si yeye.

Wewe unayejaza nawe, usione haya kuuliza, "Hii ni ya nini?" Wakikuzungusha, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inawapa siku 90 kuyamaliza.

Jina la mtu ni amana. Kama kikundi chenu kina fomu, itoeni leo, muisome pamoja, mkate kisichohitajika.