Kutwaa Mji si Kumaliza Vita

Mnamo Agosti 2011 wapiganaji wa Al-Shabaab waliuhama mji wa Mogadishu. Mwaka uliofuata majeshi ya Kenya na ya Somalia yakaingia Kismayu, na Oktoba 2014 ikatwaliwa Barawa, mji ambao wenyewe huuita Mwini na ambao lugha yao ni ndugu wa damu na Kiswahili chetu. Wengi walidhani mambo yamekwisha. Kumbe sivyo. Watu 67 waliuawa Westgate mwaka 2013, watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na zaidi ya 500 kwa bomu la lori pale Zoobe, Mogadishu, mwaka 2017. Yote hayo yalitokea baada ya kundi hilo kupoteza mji mkuu.

Je, yawaje aliyeshindwa akazidi kudhuru?

Jambo la kwanza, mwenye mji ana mzigo. Hana budi kuulinda usiku na mchana, na adui humjua alipo. Aliyeuacha mji huwa mwepesi. Yeye ndiye achaguaye siku na mahali pa kupiga. Majeshi yalikaa kambini mjini, na njia za mashamba zikabaki mikononi mwa wale wale. Miji ya Hudur na Buulobarde ilipokombolewa mwaka 2014, wapiganaji waliziba barabara, chakula kikawa adimu, na raia ndio walioumia.

La pili ni fedha. Walipoikosa bandari ya Kismayu, waliweka vizuizi njiani wakatoza kila gari lipitalo. Hata wafanyabiashara wa Mogadishu wamekuwa wakiwalipa kwa siri, maana wamfahamu fika mwenye kuwafuata hadi majumbani.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni hukumu. Hatusemi haya kwa kuwasifu watu waliovunja makaburi ya mawalii katika nchi iliyomzaa Sheikh Uways wa Barawa, ambaye tarika yake ya Kadiria ilifika hadi Unguja. Lakini ni kweli kwamba wako Wasomali wanaotoka katika mji wa serikali kwenda kwa makadhi wa Al-Shabaab kudai shamba, kwa kuwa huko kesi haichukui miaka wala haiamuliwi kwa hongo.

Na raia afanyeje? Machi 2013 Wahabeshi waliondoka Hudur, na siku ile ile Al-Shabaab wakaingia. Aliyeona hayo atakuwa mgumu kumwambia askari kitu, kwani askari huenda kesho akaondoka, naye atabaki na watoto wake.

Kwa hivyo tusihesabu miji iliyotwaliwa tu. Tuulize kama njia iendayo mjini hupitika, kama kadhi wa serikali hukataa rushwa, na kama mlinzi atakuwapo kesho. Bunduki hufungua mlango wa mji. Anayeweza kukaa humo ni mwenye uadilifu.