Mama na Mtoto, Sehemu ya 9: Lile ua la rangi ya moto ni lipi?

Mvua zikishaanza hapa Kigoma, swali hili haliniachi: "Nesi, kuna ua limeota uani kwa jirani, jekundu na njano kama moto, ni ua gani?"

Litazame vizuri. Petali zake ni sita, zimepinda kwenda juu, njano chini na nyekundu juu, kingo zina mawimbi. Mmea unatambaa, na ncha za majani zimejikunja kama kikamba kinachoshika uzio. Kiangazi unakauka wote, unadhani umekufa, kumbe kiazi kiko chini. Mvua ikirudi, nao unarudi. Ukiona hayo yote, hiyo ni Gloriosa superba. Zimbabwe ndilo ua lao la taifa, na kwetu Tanzania linaota lenyewe porini.

Msimamo wangu: nyumba yenye mtoto mdogo, ua hili lisiwepo. Najua wapo watakaosema mbona bibi zetu waliishi nalo. Sawa, lakini mmea mzima una sumu iitwayo kolchisini, na kiazi na mbegu ndizo hatari zaidi. Sri Lanka wapo waliokipika kiazi hicho wakidhani ni cha kula. Ni kweli kolchisini ni dawa ya jongo hospitalini, ila hupimwa kwa vipimo vidogo sana, na ikizidi kidogo tu inaua. Sufuria ya jikoni haina kipimo hicho. Kwa hiyo kuchemsha mizizi yake siungi mkono, hasa kwa mjamzito.

Kinachonitia hofu zaidi ni dalili. Zinachelewa saa kadhaa, kisha mtoto anatapika na kuhara. Sisi wa mwambao wa ziwa, tuliopitia kipindupindu cha Kagunga mwaka 2015, tukiona hivyo tunawaza maji machafu kwanza. Usipotutajia ua, tutatibu kuhara tu, huku sumu inaendelea na kazi yake mwilini.

Basi mtoto akilitafuna, usimtapishe, wala usimpe maziwa au mawese ukisubiri aonekane mgonjwa. Tia ua, jani na kiazi kwenye mfuko, wahi kituo cha afya, hata kama bado anacheza.

Uko Ujiji, Gungu au Kibirizi, kesho zungukeni uani na jirani yako. Mkilikuta, vaeni glovu, chimbeni hadi kiazi. Mkikata juu tu, masika mtalikuta tena.