Mtunzi Huchaguliwa Kabla ya Tangazo

Yumkini wapo wanakwaya wengi walioimba "Baba Yetu" ya Christopher Tin pasipo kujua kwamba wimbo huo, wenye maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, haukutungwa kwa ajili ya kanisa wala ukumbi wa tamasha. Ulitungwa uwe wimbo wa kufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotolewa mwaka wa 2005 na kampuni ya Firaxis ya Marekani. Baada ya kuingizwa katika albamu ya Tin ya mwaka wa 2009, ulitunukiwa tuzo ya Grammy mnamo Februari 2011, ukawa utungo wa kwanza wa mchezo wa video kupata heshima hiyo.

Waswahili tulifurahi, na tulikuwa na kila haki ya kufurahi. Hata hivyo, katika shangwe zile tulisahau kuuliza swali moja dogo. Huyo Tin, mzaliwa wa California ambaye hadi wakati huo hakuwa ametunga muziki wa mchezo wowote, aliipataje kazi hiyo?

Jibu ni fupi. Mbunifu mkuu wa mchezo huo, Soren Johnson, alikuwa amekaa chumba kimoja na Tin walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Tin alikuwa mwanachama wa Talisman, kikundi cha wanafunzi wa chuo hicho ambacho huimba bila ala, nacho huzipenda mno nyimbo za Afrika. Miaka ilipita, wakakutana tena katika hafla ya wahitimu, na Johnson akamweleza rafikiye kuhusu mchezo aliokuwa akiuunda. Hapakuwa na tangazo gazetini wala zabuni. Hata sauti zilizosikika katika mchezo huo zilikuwa za Talisman wenyewe.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila mara mwanafunzi mwenye kipaji cha muziki aulizapo namna ya kuingia katika kazi hii, huambiwa afanye bidii, apate cheti, kisha asubiri nafasi zitangazwe. Ushauri huo si mbaya, ila una upungufu mkubwa. Katika tasnia ya michezo ya video, mtunzi aghalabu huwa amekwisha kuchaguliwa moyoni mwa mtu fulani kabla ya tangazo lolote kuandikwa.

Si kwamba matangazo hayapo. Koji Kondo, ambaye muziki wake wa Super Mario Bros. wa mwaka wa 1985 unajulikana hata na wasiowahi kuushika mchezo wenyewe, aliajiriwa mwaka wa 1984 baada ya kampuni ya Nintendo kupeleka tangazo la kazi katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, alikokuwa akisoma. Mwaka wa 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuweka muziki huo katika orodha ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo, muziki wa kwanza wa mchezo wa video kuingia humo. Lakini msomaji na atazame vizuri: tangazo lenyewe lilipelekwa chuoni, mikononi mwa wanafunzi. Ujapani nako, mwajiri hakungoja mtunzi awe mashuhuri.

Mwenzake, Nobuo Uematsu, mtunzi wa muziki wa Final Fantasy, hakupitia hata mlango huo. Alikuwa amejifunza kinanda mwenyewe, na katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mfanyakazi wa duka la kukodisha rekodi mjini Tokyo. Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya Square aliyekuwa akifika dukani hapo alimwuliza kama angependa kutunga muziki wa michezo. Uematsu alikubali akidhani ni kibarua cha pembeni.

Kwa nini mambo huwa hivi? Wenye chuki husema ni upendeleo, na pengine upendeleo haukosekani. Lakini ipo sababu ya msingi zaidi, nayo imo katika asili ya kazi yenyewe. Filamu hukatwa kwanza, ikajulikana kuwa mandhari fulani itachukua dakika tatu na sekunde kumi, ndipo mtunzi akaketi na saa yake. Mchezo wa video hauna saa. Mchezaji mmoja atapita pangoni kwa dakika mbili. Mwingine atapotea humo kwa saa mbili nzima. Muziki sharti umfuate kila mmoja wao, ujirudie bila kuchosha, upande adui anapotokea, na ushuke anapokimbia, bila mshono wake kusikika.

Mpiga ngoma wetu wa jadi anaielewa kazi hii kuliko mpiga fidla wa okestra, kwani yeye humtazama mchezaji miguu na kubadilisha mapigo papo hapo. Tofauti ni kwamba mtunzi wa mchezo wa video lazima amalize kupiga kabla mchezaji hajafika uwanjani. Kwa hiyo hutunga kwa matabaka: tabaka la besi peke yake, la ngoma peke yake, la zumari peke yake, kisha programu huyaongeza na kuyaondoa kulingana na vitendo vya mchezaji. Kampuni ya LucasArts ilikuwa imekwisha kuunda mfumo wa namna hiyo mapema katika miaka ya 1990 na kuutumia katika Monkey Island 2 ya mwaka wa 1991. Siku hizi zipo programu kama Wwise na FMOD zinazoifanya kazi hiyo, na mtunzi asiyezifahamu huwa mzigo kwa wanaprogramu.

Kazi ya aina hii haifanywi na mtu aliyejifungia chumbani. Mchezo mkubwa huchukua miaka kuundwa. Sehemu nzima hufutwa, hadithi hugeuzwa, na wimbo uliokwisha kukamilika hutupwa pasipo machozi. Mkurugenzi wa sauti anapomchagua mtunzi, hatafuti sauti tamu peke yake. Anajiuliza iwapo mtu huyu atakubali kurekebisha kazi yake mara ya saba bila kununa, na iwapo atawasilisha kazi kwa wakati. Maswali hayo hayajibiwi na cheti. Hujibiwa na mtu aliyewahi kufanya kazi naye.

Ndiyo maana njia ya majaribio, ambayo ingeonekana kuwa ya haki kuliko zote, ina mipaka yake. Katika njia hiyo, studio huandika maelezo ya muziki inaoutaka, huwapelekea watunzi kadhaa au mawakala wao kipande cha picha, kisha huwataka wautungie muziki wa dakika chache. Baadhi ya studio hulipia jaribio hilo, nyingine hazilipi. Lakini orodha ya wanaoalikwa kujaribu huandikwa na nani? Huandikwa na mtu yule yule, kutokana na majina anayoyakumbuka.

Umaarufu nao una nafasi yake. Kampuni ya Naughty Dog ilipouandaa mchezo wa The Last of Us, uliotoka mwaka wa 2013, muziki wake ulitungwa na Gustavo Santaolalla wa Argentina, ambaye tayari alikuwa na tuzo mbili za Oscar kwa muziki wa filamu za Brokeback Mountain na Babel. Hii ni njia ya wachache, nasi tusipoteze wino juu yake.

Kisa chenye manufaa zaidi kwa wanafunzi ni cha Austin Wintory. Alipokuwa akisoma muziki katika Chuo Kikuu cha Southern California, alitunga muziki wa flOw, mchezo mdogo wa mwaka wa 2006 uliotokana na kazi ya shahada ya mwanafunzi mwenzake, Jenova Chen. Wote wawili walikuwa vijana wasiojulikana. Chen na wenzake walianzisha kampuni yao, na walipoanza kuunda Journey walimwita Wintory yule yule, akafanya kazi nao kwa takribani miaka mitatu. Mchezo ulitoka mwaka wa 2012, na muziki wake ukawa wa kwanza wa mchezo wa video kuteuliwa kuwania Grammy ya muziki bora wa filamu na kazi nyingine za picha, ukishindana na kazi za Hollywood.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Marekani pekee, na azingatie kisa cha karibuni zaidi kutoka Ufaransa. Guillaume Broche, mwasisi wa studio ya Sandfall mjini Montpellier, alimpata mtunzi wake Lorien Testard kupitia muziki ambao kijana huyo alikuwa akiuweka mtandaoni. Testard hakuwa na mchezo hata mmoja nyuma yake. Clair Obscur: Expedition 33 ulipotoka Aprili 2025, ulikuwa na vipande vyake zaidi ya 150. Hapa pana tofauti moja nayo inatuhusu: hawakuwa marafiki wa chuo. Hata hivyo kijana huyo hangesikika kama nyimbo zake zingebaki daftarini.

Sasa tutazame kwetu. Kila mwaka shule zetu hupeleka katika Tamasha la Muziki tungo mpya na nyimbo za makabila zilizopangwa upya kwa ustadi. Mwalimu na wanafunzi hukesha wakizifanyia mazoezi, zikapigiwa makofi mbele ya majaji, kikombe kikaingia kabatini. Ni ngapi kati ya tungo hizo ambazo mtu aliye Kisumu au Montpellier anaweza kuzisikiliza leo? Katika shule hiyo hiyo, hatua hamsini kutoka chumba cha muziki, wapo wanafunzi wa chama cha kompyuta wanaounda vijimchezo vyao vya kwanza, vikiwa bubu au vikiwa na muziki walioudokoa mahali pasipo ruhusa.

Watoto hawa hawakutanishwi, na mtaala mpya umeongeza ukuta. Katika shule ya sekondari ya juu, somo la Kompyuta limo katika mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ilhali Muziki umo katika mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Siupingi mpango huo kwa ujumla wake; mikondo ina faida zake, na mwanafunzi hawezi kusoma kila kitu. Lakini kwa kazi ninayoizungumzia hapa, tumewaweka Johnson na Tin katika mabweni mawili tofauti, kisha tukafunga lango.

Dawa yake haihitaji bajeti ya Wizara. Programu za Audacity na LMMS za kurekodi na kupanga muziki ni za bure, na vivyo hivyo Godot ya kuundia michezo. Walimu wawili wakikubaliana, wa muziki na wa kompyuta, wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi moja ya muhula: mchezo wa dakika tano wenye muziki uliotungwa shuleni humo, uimbwe na kwaya ya shule, kwa ala zilizopo. Utakuwa na kasoro nyingi. Wanaoutunga watajifunza kutupa wimbo mzuri usiofaa, na wanaoandika programu watajifunza kumsikiliza mtu asiyejua lugha yao. Tena studio za Kiafrika zipo. Leti Arts ilianzishwa mwaka wa 2009 na Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia, nao hawakusubiri viwanda vya Japani viwafungulie mlango.

Jambo moja zaidi, nalo ni la mkataba. Watunzi wengi wa michezo hulipwa kwa kila dakika ya muziki uliokamilika, na malipo hayo mara nyingi huichukua haki yote ya utungo, ukawa mali ya studio milele. Baadhi hufaulu kujadiliana wakabaki na haki ya kuuza albamu. Kijana anayepewa kazi na rafikiye huona aibu kuuliza, hasa pale pesa zenyewe zinapokuwa kidogo au hazipo kabisa, na aibu hiyo humgharimu mchezo ukishapendwa. Mwalimu wa Biashara angefaa aalikwe katika kikao kimoja cha wale walimu wawili, awafundishe watoto kuandika ukurasa mmoja unaosema nani alitunga nini, na nani anamiliki nini.

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia madarasani Januari 2026, nao wanatarajiwa kuondoka mwishoni mwa mwaka wa 2028.